Mali ya Marehemu: Kutoka Ushuhuda wa Wazee Mpaka Karatasi ya Leta

Hapa Kindu tunasema mali ya marehemu inapotea sababu ya tamaa ya ndugu. Ni kweli, lakini kuna mali ingine ambayo hakuna aliyeiiba. Inalala tu: parsele, feza za benki, malipo ya mwisho ya kazi. Warithi wanaijua kwa mdomo, na ofisi inajua karatasi peke yake. Tuangalie namna gani tulifika hapo.

Kwa Walega wa Pangi, mkubwa wa bwami akifa, vyombo vyake vya cheo, kama vile sanamu za pembe ya tembo, viliwekwa wazi kwenye kaburi. Kiisha mwenzake wa bwami alivichunga mpaka ndugu wa marehemu apande cheo na kuvikamata mbele ya wote. Ushuhuda ulitosha. Wakoloni walikataza bwami mwaka 1933, na leo vyombo vingi viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, mara nyingi bila jina la mwenyewe. Nani atavidai, na kwa ushahidi gani?

Upande wa Nyangwe na Kasongo, Uislamu ulioingia na wafanyabiashara wa Pwani katika karne ya 19 ulileta hesabu: kwanza maziko, kisha madeni, kisha wasia usiopita theluthi moja, ndipo mafungu. Mjane anapata sehemu moja ya nane kama marehemu ameacha watoto. Binti anapata nusu ya fungu la kaka yake.

Kisha reli ikaja. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilikusanya Kindu wafanyakazi wa makabila mengi. Mali haikuwa tena mbuzi na shamba ambavyo kijiji kizima kinaona. Ilikuwa mshahara, nyumba ya mjini, pensheni ya INSS iliyoundwa mwaka 1961, ambayo tangu 2018 inaitwa CNSS. Sheria ya 1973 nayo ilisema ardhi ni ya Leta, raia anaishika kwa hati. Basi wazee walijua watoto wote wa marehemu, lakini hawakujua numero ya faili lake.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema hivi: pasipo wasia, watoto wanapata robo tatu, wanaume na wanawake sawasawa, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua akiwa hai. Robo inayobakia ni ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Mjane ana haki ya kubakia katika nyumba waliyokaa na bwana yake. Leta inarithi tu kama hakuna mrithi.

Njia ya kudai ni hii. Kwanza, cheti cha kifo kwenye komine: Kasuku, Mikelenge ao Alunguli. Pili, jamaa ikutane, iandike majina ya warithi wote pasipo kuficha mtu, na kutaja likidateri. Kwa kawaida ni mrithi mkubwa kwa umri. Akikataa, warithi wanachagua mwingine. Tatu, tribinali imthibitishe. Nne, na hukumu mkononi, aende benki, kwa mwajiri na kwenye ofisi ya hati za ardhi. Likidateri si mwenye mali. Anatoa hesabu kwa wenzake. Pensheni ya mjane na yatima haiingii katika mgawanyo: wanaidai wenyewe kwenye CNSS.

Kwenye matanga wazee wanauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Tuongeze ulizo la tatu: alifanya kazi wapi, na makaratasi yake yako kwa nani? Mara nyingi anayejua jibu ni bibi yake ao binti aliyemwuguza. Jamaa inayowafukuza kabla ya siku arobaini inafukuza pia habari ya mali inayotafuta.