Mtungi wa Oksijeni katika Hospitali za Temeke na Mwananyamala

Historia ya tiba ya oksijeni katika hospitali za Temeke na Mwananyamala jijini Dar es Salaam, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa chini ya kivuli cha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, inaanzia kiwandani, kwa kuwa kwa miongo mingi gesi hiyo iliwafikia wagonjwa ikiwa ndani ya mitungi ya chuma, sawa na ile waliyoitumia wachomeleaji vyuma. Kampuni ya Tanzania Oxygen, ambayo sasa inaitwa TOL Gases, chimbuko lake ni mwaka 1950, na mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Hivyo oksijeni ilizoeleka wodini kama bidhaa ya kununuliwa, kusafirishwa kwa gari na kulipiwa kila inapojazwa.

Hali hiyo ndiyo iliyojenga mtazamo wa wahudumu wa afya kuhusu oksijeni, kuliko ujinga ambao mara nyingi husingiziwa. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800 humtosha mgonjwa mmoja anayepewa lita 5 kwa dakika kwa muda wa saa 22 hivi, na muuguzi wa zamu ya usiku anayeuona mshale wa geji ukishuka, huku wodi ikiwa na watoto kadhaa wenye nimonia, hulazimika kuchagua nani awekewe mrija wa puani na nani asubiri. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, liliiweka oksijeni kwa miaka mingi upande wa dawa za usingizi, na ni mwaka 2017 tu lilipoitaja waziwazi kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni katika damu.

Kabla ya kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu, ambacho msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974, tabibu alitegemea macho: midomo na ulimi vikigeuka rangi ya samawati, alijua kwamba mgonjwa amezidiwa. Dalili hiyo huchelewa, na kwa mtoto aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, jambo la kawaida katika wodi za Dar es Salaam, huenda isionekane kabisa. Oksijeni ikawa inatolewa wakati tumaini limekwisha kupungua, na ndugu waliomwona mgonjwa wao akiwekewa mashine ya oksijeni kisha akafariki waliamini kwamba mashine ndiyo iliyommaliza. Hofu hiyo, ingawa ilikosea kisababishi, ilitokana na mfuatano wa mambo waliyoyaona kweli.

Janga la UVIKO-19, ambalo mwaka 2020 liliifanya Hospitali ya Amana, Ilala, kuwa kituo cha wagonjwa wa ugonjwa huo, liliipeleka oksijeni kwenye mjadala wa bajeti. Mwaka 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha oksijeni hospitalini. Mitambo hiyo huchuja naitrojeni kutoka katika hewa ya kawaida kwa chembechembe za madini ya zeolaiti. Hata hivyo huzima umeme unapokatika, kwa hiyo mitungi ingali inahitajika kama akiba.