Kuibana Dhiki: Utunzi, Nafsi na Uponyaji katika Historia ya Sauti ya Dhiki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna utunzi wa mashairi unavyoweza kumsaidia mtu kujitambua na kuyatuliza maumivu ya moyo. Mfano unaotumika ni Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya Abdilatif Abdalla iliyotungwa gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972. Hoja kuu ni kwamba uponyaji unaodhihirika katika diwani hiyo hautokani na kumwaga hisia tu, bali na kuzitia hisia hizo katika umbo la kisarufi na la kiarudhi ambalo mtunzi aliweza kulitawala. Aidha, makala yanaonya kuwa kuusoma ushairi wa gerezani kama tiba kusiwe njia ya kuusahau udhalimu uliosababisha jeraha lenyewe.

1. Utangulizi

Neno dhiki, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina ndani yake dhana ya kubanwa. Kinyume chake ni faraja, neno lililobeba dhana ya kufunguka. Methali isemayo kuwa baada ya dhiki ni faraja, kwa hiyo, husimulia safari ya kutoka mahali pembamba kwenda mahali papana. Ni rahisi kuichukua taswira hiyo na kudai kuwa sanaa huponya kwa njia iyo hiyo: moyo umebanwa, msanii anaufungulia, yaliyomo yanatoka, naye anapata nafuu.

Makala haya yanashikilia kuwa maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Historia ya Sauti ya Dhiki inaonyesha jambo jingine: mtu aliyebanwa na dola aliibana dhiki yake mwenyewe ndani ya beti. Kubanwa kwa aina ya kwanza alilazimishwa. Kwa aina ya pili alikuchagua. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala huu.

Wahakiki wengi wameisoma diwani hii kama hati ya siasa, na hawakukosea. Hata hivyo, usomaji huo huacha swali moja bila jibu: mashairi haya yalimfanyia nini yule aliyeyatunga? Swali hili lina hatari zake. Mhakiki si tabibu, na moyo wa mshairi si kielelezo kinachoweza kupasuliwa mezani. Tutakachokichunguza ni matini na mazingira yake ya kihistoria. Hatutadai kuyajua yaliyomo kifuani mwa mtu zaidi ya yale ambayo lugha yake imeyadhihirisha.

2. Mapokeo: tungo za waliobanwa

Abdilatif Abdalla hakuwa wa kwanza kutunga akiwa katika dhiki. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na mapokeo ya zamani zaidi, shujaa akiwa kifungoni anamtumia mama yake ujumbe wa mafumbo kupitia kwa kijakazi Saada. Mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Usiku wa ngoma unapowadia, vishindo vya waimbaji vinaifunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Mapokeo haya yanaupa utungo kazi mbili kwa wakati mmoja: kumtuliza mfungwa na kumkomboa. Wimbo unaoliwaza masikio ya walinzi ndio unaoficha kazi ya tupa.

Mfano wa pili ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mwana Kupona aliutunga akiwa mgonjwa, na ndani ya utendi wenyewe anaeleza kuwa maradhi yake yamekwisha kutimiza mwaka. Wasomaji wameukumbuka zaidi kwa nasaha zake kwa bintiye kuhusu dini, adabu na ndoa. Wengine wameujadili kwa sababu ya nafasi unayompa mwanamke. Lakini ukitazamwa kama tendo, ni mwili unaodhoofika ukijipatia mahali pa kusimama. Mgonjwa ambaye hana tena uwezo juu ya maradhi yake bado anao uwezo juu ya kina na mizani, na kwa uwezo huo anabaki kuwa mama mwenye neno la kusema.

Mifano hii miwili inabainisha kuwa kijana wa Mombasa aliyetiwa gerezani mwaka 1969 hakuingia mikono mitupu. Aliingia na urithi ambao ndani yake mtu aliyebanwa ana desturi ya kutunga.

3. Mazingira ya kutungwa kwa diwani

Mwezi Novemba 1968, Abdilatif Abdalla, wakati huo akiwa na umri wa miaka 22, aliandika kijikaratasi cha kisiasa kilichoitwa Kenya: Twendapi? Alikuwa mfuasi wa Kenya People's Union, chama cha upinzani kilichoongozwa na Oginga Odinga tangu mwaka 1966. Alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo. Adhabu yake iliishia kuwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo aliwekwa peke yake. Mwezi Oktoba 1969 chama chake kikapigwa marufuku. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya chama akajikuta hana chama cha kurudia.

Humo ndimo yalimotungwa mashairi ya Sauti ya Dhiki, yakiandikwa kwenye karatasi za chooni. Mtunzi aliachiliwa mwaka 1972, na mwaka uliofuata diwani ikachapishwa na Oxford University Press. Mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Kabla ya hapo Abdilatif alikwisha kutunga Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, uliochapishwa mwaka 1971 yeye akiwa bado kifungoni. Utenzi huo unafuata desturi ya tungo za kidini, ambamo msimulizi hujiweka nyuma ya kisa. Ukiziweka kazi hizi mbili sambamba, utaona kuwa gerezani palizaliwa nafsi ya ushairi ambayo katika utenzi haikuwa na nafasi ya kujitokeza.

4. Nafsi katika sarufi

Nafsi hiyo inaonekana wazi hata katika anwani za mashairi. Tuanze na “N'shishiyelo ni Lilo”. Umbo n'shishiyelo linatokana na kitenzi -shika katika hali timilifu ya kale, ambayo lahaja ya Kimvita imeihifadhi na Kiswahili sanifu kimeipoteza. Hali hii haielezi tendo lililokwisha tu. Hueleza tendo ambalo matokeo yake yangali yapo. Aliyesema nishishiye ameshika, na mkono wake haujaachia. Kirejeshi -lo kinaongeza kitu kilichoshikwa, na lilo linathibitisha kuwa ni kile kile. Neno moja la Kimvita limebeba wakati uliopita na msimamo wa sasa. Sanifu ingehitaji kishazi kizima kueleza hayo, na bado ingepoteza ule uthabiti wa umbo.

Anwani ya pili ni “Siwati”. Kitenzi -wata ni cha Kimvita chenye maana ya kuacha. Kwa kanushi ya wakati uliopo, mshairi anasema tena alichokwisha kukisema, safari hii kwa upande wa pili: nimeshika, siachi. Mfungwa ni mtu ambaye kila siku huamriwa: amka, kaa, simama. Katika sarufi ya anwani hizi mbili yeye ndiye mtenda, na hakuna anayemwamuru.

Ya tatu, na pengine muhimu kuliko zote kwa hoja yetu, ni “Kuno Kunena”. Kosa alilofungiwa Abdilatif lilikuwa kunena. Katika anwani hii kitenzi kimegeuzwa kuwa nomino kwa kiambishi ku-, kikapewa kioneshi kuno, yaani huku. Kunena si tena jambo lililompata. Kumekuwa kitu kilicho mbele yake, kinachoweza kuoneshwa kwa kidole, kugeuzwa na kuulizwa maswali. Wanaoshughulika na tiba ya nafsi husisitiza umuhimu wa mtu kuliweka jeraha lake mbali kidogo ili alitazame. Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi ya kufanya hivyo, na mshairi ameitumia.

Ni kwa maana hii tunazungumzia kujitambua. Mtunzi hakuikuta nafsi iliyo tayari, imejificha ndani yake, akaitoa nje. Aliiunda katika lugha, na lugha aliyoichagua ni ile ya nyumbani kwao. Kutumia Kimvita gerezani, mbali na Mombasa na mbali na watu wake, kulikuwa njia ya kurejea nyumbani kabla mlango haujafunguliwa.

5. Sauti za wengine

Kifungo cha upweke humnyima mtu msemaji wa pili. Hapa tunaona kazi nyingine ya utunzi. Katika “Mnazi: Vuta N'kuvute”, mshairi anawapambanisha wasemaji wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Wasomaji wametambua ndani yake mgogoro wa umiliki wa nchi iliyotoka kupata uhuru. Lakini kwa mfungwa, shairi hili lilikuwa pia majibizano, na majibizano ni uti wa mgongo wa ushairi wa Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji. Aliyenyimwa wa kumjibu alizitunga pande zote mbili.

“Usiniuwe!” linakwenda mbali zaidi. Msemaji wake ni mtoto aliye bado tumboni, akimsihi mama asimtoe. Mjadala wa kimaadili unaozunguka shairi hilo ni mpana na si wa makala haya. Linalotuhusu ni mahali pa msemaji: yumo ndani, gizani, hana uwezo, na uhai wake umo mikononi mwa mwingine. Haihitaji ushahidi wa nje kuona kuwa mtu aliyefungiwa peke yake angeweza kukifahamu kilio hicho. Kwa kuwavalia wengine sauti, mshairi aliweza kusema juu ya hali yake bila kujitaja, na huenda kwa njia hiyo akaweza kuyagusa ambayo nafsi ya kwanza isingethubutu kuyagusa.

6. Umbo kama chombo

Diwani ilitoka wakati mgogoro wa ushairi wa Kiswahili ulipokuwa umepamba moto. Kwa upande mmoja kulikuwa na kanuni zilizoelezwa na Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Kwa upande mwingine, Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974 akitetea tungo zisizofungwa na vina. Hoja mojawapo ya wanamabadiliko ilikuwa kwamba vina na mizani humzuia mtunzi kueleza hisia zake kwa ukamilifu.

Sauti ya Dhiki ni ushahidi mzito dhidi ya hoja hiyo. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kulipuka alichagua arudhi. Mizani ya shairi hudai subira: huwezi kuutimiza mshororo kwa ghadhabu peke yake, ni lazima uitafute silabi inayofaa, na katika kuitafuta huko ghadhabu hugeuka kuwa kazi. Isitoshe, utungo wenye vina hukaa kichwani hata pale ambapo karatasi hakuna, nao hauwezi kuchukuliwa katika msako wa seli.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kuwa uponyaji umo katika vina vyenyewe. Alamin Mazrui, aliyefungwa bila kushtakiwa mwaka 1982 baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki, aliutoa ushairi wake wa kifungoni katika Chembe cha Moyo (1988), na mengi ya mashairi yake ni huru. Yana nidhamu ya aina nyingine: ufupi, kituo na taswira iliyobanwa. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, pia kwenye karatasi za chooni. Kinachoziunganisha kazi hizi si kanuni moja ya utanzu. Ni kwamba kila mmoja alijiwekea mpaka wake mwenyewe ndani ya mpaka aliowekewa.

Inafaa pia kutambua kuwa Dhiki, Kichomi na Chembe cha Moyo, diwani tatu zilizotofautiana kwa umbo na hata kwa siasa ya umbo, zote zimeitwa kwa majina yanayokaribia kifua: kubanwa, kuchomwa, na pale mahali chini ya kifua ambapo maumivu husikika. Katika Kiswahili hisia zina makao mwilini, na mshairi anayezitaja huanza kwa kutaja panapouma.

7. Mipaka ya uponyaji na hitimisho

Kuna hatari katika mjadala kama huu. Ukimwita mshairi aliyefungwa mgonjwa, na shairi lake dawa, unaweza kujikuta unalisamehe gereza. Diwani yenyewe inatukataza. Katika “Jipu”, uvimbe unaoiva ukingojea kutumbuka hauwezi kusomwa kama maradhi ya mtu mmoja. Ni hali ya jamii. Katika “Mamba”, mwenye nguvu anakumbushwa kuwa nguvu zina mwisho. Mshairi hakutunga ili azoee kifungo. Alitunga ili kifungo kisimzoeze. Tuzo ya mwaka 1974 ilikiri ubora wa mashairi. Haikuifuta hukumu wala haikuirudisha miaka mitatu.

Kwa hiyo tunapendekeza kuwa dhana ya uponyaji katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ipimwe kwa swali hili: utungo umemrudishia mtunzi uwezo gani aliokuwa amenyang'anywa? Mwana Kupona alirudishiwa nafasi ya kulea. Abdilatif Abdalla alirudishiwa kunena, kujibizana, na kushika alichokishika. Jeraha lilibaki, na aliyelitia hakuomba radhi katika kurasa za diwani. Lakini aliyetoka gerezani mwaka 1972 alitoka na sauti ambayo hakuingia nayo, na sauti hiyo bado inasomwa na vizazi ambavyo waliomhukumu hawakuvifikiria.