Noti Iliyoitwa Jirongo

Mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wa uchumi huandika ubaoni fomula moja fupi: pesa mara kasi ya mzunguko wake ni sawa na bei mara bidhaa. Tunanakili, tunapita mtihani, tunasahau. Lakini waulize waliokuwa wakipokea mshahara 1993. Hao waliiona fomula hiyo dukani.

Turudi 1992. Vyama vingi vimeruhusiwa tena na uchaguzi uko njiani. Wafadhili walishafunga mfereji wa misaada Novemba 1991. Goldenberg nayo inalipwa mabilioni na serikali kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya ina dhahabu kidogo na almasi haichimbi. Huko mtaani, noti za 500 zinagawanywa kwa kampeni ya KANU hadi noti yenyewe inabatizwa Jirongo, jina la Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana la YK'92.

Kura zikapigwa Desemba 29. KANU ikashinda. Halafu bili ikaja.

Pesa zilikuwa zimeongezeka. Unga, sabuni na mafuta ya taa havikuongezeka. Ukame na kuporomoka kwa shilingi vikazidisha makali. Mwaka wa 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Yaani kapu la shilingi 100 likawa la shilingi 146. Mwalimu ambaye mshahara wake haukusonga alipoteza karibu thuluthi ya uwezo wake wa kununua, na payslip yake ilisoma vilevile. Hiyo ni kodi, ila hakuna mbunge aliyeipitisha.

Dawa nayo ilikuwa chungu. Ili kuzinyonya hizo pesa, Benki Kuu iliuza hati za mkopo wa serikali kwa riba iliyopita asilimia 70. Nani alizinunua? Benki na wenye chapaa za ziada. Nani alilipa riba? Mlipa kodi, yuleyule aliyekuwa ameshaumizwa na bei ya unga. Na mfanyabiashara mdogo aliyetaka mkopo? Benki ingemkopesha ya nini, na serikali inalipa hivyo?

Kwa hivyo msimu wa kampeni ukifika na noti zianze kumwagwa, usiulize tu nani anazitoa. Uliza pia unga utauzwa ngapi uchaguzi ukiisha.