Picha ya Mja Mzito

“Babu, nivae nini picha isije ikapitwa na wakati?” Mjukuu wangu, mja mzito wa miezi minane, alikuwa akijiandaa kwenda kwa mpiga picha. Nikamsimulia habari za Uingereza: mnamo 1595 hivi, Marcus Gheeraerts alimchora bibi mmoja mja mzito, nguo yake imetariziwa lulu. Picha ipo London, jumba la Tate. Jina la bibi limepotea.

Sikumweleza kwamba uzazi ulitisha siku hizo. Mwaka 1622 Elizabeth Jocelin alimwandikia wasia mtoto aliye tumboni, akajifungua, na baada ya siku tisa akafariki.

Nilifungua sanduku nikampa kanga ya bibi yake, aliyefariki akimzaa mama yake. Picha yake hatunayo.