Kipimo Kimoja cha Kiswahili: Chepseon na Mtihani wa Taifa

Kabla ya mwaka 1985, mtoto wa Chepseon, kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Nakuru, aliweza kumaliza shule ya msingi bila ya kutahiniwa na taifa katika Kiswahili. Mtihani wa CPE ulipima Kiingereza, hisabati na maarifa ya jumla. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini lugha hiyo haikupata karatasi yake hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoleta KCPE.

Si kwamba Kiswahili hakikuwako. Mashamba makubwa ya chai, yaliyoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, yaliwakusanya pamoja Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya, nao wakaelewana kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kazi, chenye upatanisho mwepesi. Kilihitajiwa kieleweke tu, na kilieleweka.

Kipimo kilicholetwa na mtihani kilitoka mbali. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia lugha ya vitabu vya shule. Hata watetezi wa Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya mashairi, hawakuridhika na uteuzi huo. Sembuse Mkipsigis! Lugha yake ya Kinailoti haina ngeli za Kibantu, wala haitenganishi maana kwa *p* na *b*, hata *pata* na *bata* zikawa tatizo la sikio kabla ya kuwa tatizo la kalamu. Mwana wa mchunaji chai Mgusii, aliyekaa naye dawati moja, alikuja shuleni na ngeli kutoka kwao. Karatasi iliyohesabiwa kuwa ya haki kwa kuwa ni moja haikuwakuta mahali pamoja.

Walimu nao, wengi wao, walikuwa wamepita katika shule zilezile zisizokitahini Kiswahili.

Jambo hili lina upande wa siasa. Katiba ya uhuru ilimtaka mgombea ubunge ajue Kiingereza. Rais Kenyatta alipoamuru mwaka 1974 kwamba Bunge litumie Kiswahili, baadhi ya waliopita katika chujio la kwanza walijikwaa katika la pili. Kwa mtoto wa Chepseon chujio lilikuwa karibu zaidi: alama za KCPE ziliamua ni nani aende sekondari, na aliyekosa nafasi aliyaona mashamba ya chai mlangoni pake. Pasipo shaka mtihani ulikipa Kiswahili heshima darasani, pamoja na vitabu na vipindi. Lakini usemi uleule uliowaunganisha wazazi kazini uligeuka kuwa orodha ya makosa ya kusahihishwa kwa wino mwekundu.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Upimaji wa darasa la sita, ulioanza mwaka 2022, nao una karatasi ya Kiswahili, moja kwa Lamu na kwa Chepseon.