Kwenda kufundisha shule ya misheni nje ya nchi: kamilisha haya kabla ya kuuza ng'ombe

Zamani walimu wa misheni walikuja kwetu. Africa Inland Mission walianza kazi Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, mwaka 1913. Baadaye wakaja mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, na Shinyanga ikawa jimbo la Kikatoliki mwaka 1956. Waliacha kwao, wakajifunza Kisukuma, wakafungua shule na zahanati.

Siku hizi safari inaenda pia upande wa pili. Walimu wa Shinyanga, Kahama, Geita na Chato wanaitwa kufundisha shule za makanisa Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na mbali zaidi. Kiswahili kimefungua mlango: Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 serikali ya Uganda iliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Wengine huitwa kwa ajili ya hisabati, sayansi au madarasa ya watoto wadogo.

Wito ni jambo jema, lakini wito hauchukui nafasi ya mkataba. Katika makala hii tunaeleza hatua moja baada ya nyingine, ili mwalimu asijikute ameuza ng'ombe, ameacha ajira, na huko alikokwenda hana kibali wala mshahara.

Kwanza: unakwenda kama nani?

Swali hili wengi hawaulizi. Katika shule za misheni kuna aina mbili za walimu.

Wa kwanza ni mwajiriwa. Analipwa na shule, ana mkataba, ana likizo na makato ya kisheria kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Wa pili ni mmisionari au mtu wa kujitolea. Huyu mara nyingi halipwi na shule. Makanisa, ndugu na marafiki wa nyumbani ndio wanaomchangia. Mfano unaojulikana ni Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa na Africa Inland Mission mwaka 1906. Walimu wake wengi ni wamisionari wanaotegemezwa na makanisa ya kwao.

Barua ikikuambia "utapata nyumba na posho", usidhani posho ni mshahara. Uliza kwa maandishi: Nitalipwa kiasi gani kwa mwezi? Kwa fedha ya nchi gani? Nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi? Nikiugua nani analipia matibabu? Mwenzi na watoto wangu wanaruhusiwa kuja? Mkataba ni wa muda gani, na ukivunjwa katikati itakuwaje?

Kama jibu ni kwamba utajitegemea kwa michango, kaa na mchungaji au paroko wako na wazee wa kanisa. Mwandike nani atatoa nini na kwa miezi mingapi. Ahadi ya ibadani ambayo haikuandikwa husahaulika baada ya mavuno mabaya.

Pili: hakikisha shule ipo na inakuita kweli

Wachimbaji wetu wa Geita wanajua: hununui mawe kabla ya kuyapima. Barua ya kuitwa kazini nayo ipimwe.

Muombe kiongozi wa kanisa lako awasiliane na kanisa linalomiliki shule hiyo. AICT, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wasabato wote wana ofisi zinazowasiliana na wenzao wa nchi nyingine. Simu moja ya askofu au katibu wa dayosisi inaweza kukuonyesha ukweli ndani ya siku chache. Muombe pia mwalimu aliyeko pale akupigie kwa video akiwa shuleni.

Kuwa macho ukiona haya: unaambiwa utume pesa ya "kushikilia nafasi", anayekuita anatumia namba ya simu tu bila ofisi, anakataa kukupa mkataba hadi ufike, anakuambia uingie kama mtalii "halafu tutarekebisha huko huko", au anataka kukaa na pasipoti yako. Wakala wa ajira nchini lazima awe amesajiliwa na serikali, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi ya mkoa kabla ya kumpa hata shilingi. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na anayewasafirisha watu kwa udanganyifu ili wakatumikishwe anaweza kushtakiwa.

Tatu: usitoroke kituo chako cha kazi

Kama wewe ni mwalimu wa serikali, hili ndilo lenye hasara kubwa zaidi. Mtumishi asiyeonekana kazini bila ruhusa kwa siku 5 au zaidi anaweza kufukuzwa kazi. Ukifukuzwa kwa utoro, kurudi kwenye ajira ya umma ni vigumu sana.

Njia halali ni kuomba ruhusa ya likizo bila malipo, au kuacha kazi kwa barua na notisi. Barua ipite kwa mkuu wa shule, iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, na usiondoke mpaka majibu ya maandishi yawe mkononi. Majibu huchukua muda, kwa hiyo anza mapema. Kunyamaziwa hakumaanishi umekubaliwa.

Fika pia kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii. Walimu wa serikali wako PSSSF, na wa shule binafsi na za makanisa wako NSSF. Uliza michango yako itakuwaje ukiwa nje, na chukua taarifa yako ya michango kabla ya kusafiri.

Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, deni halibaki mpakani. Ukiwa umeajiriwa hapa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara. Ukiwa nje hakuna wa kukukatia, lakini deni linaendelea kukusubiri. Panga na Bodi namna ya kulipa mwenyewe.

Nne: karatasi

Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nkwabi, cheti cha kidato cha nne kinasema Nkwaby, na NIDA ina jina la babu ambalo halipo kwingine. Nje ya nchi hiyo inaweza kuonekana kama watu watatu. Sahihisha kwanza, au upate hati ya kiapo cha majina kwa mwanasheria.

Pasipoti huombwa kwa mtandao kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Ada yake ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Utahitaji namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au hati ya kiapo cha kuzaliwa kwake, na uthibitisho wa safari, kama vile barua ya shule. Ofisi za Uhamiaji zipo Shinyanga mjini na Geita mjini. Usimpe pesa kijana wa stendi anayesema ana njia ya mkato.

Andaa pia vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Barua za waajiri wa nyuma. Na cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho huhitaji alama za vidole. Shule za misheni huuliza sana habari za usalama wa watoto, na zingine hutaka barua ya mchungaji na tamko la imani lenye sahihi yako. Lisome kabla ya kusaini, maana pamoja na imani huweza kugusa mavazi, pombe, ndoa na siku ya ibada.

Vyeti vikitakiwa kuthibitishwa, uliza NECTA na Wizara ya Mambo ya Nje utaratibu wake. Nakala zibaki nyumbani na nyingine kwenye simu.

Tano: kibali cha kazi na leseni ya ualimu

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza tarehe 1 Julai 2010. Inasaidia, lakini haikufuti kibali cha kazi. Kuruhusiwa kuingia bila viza si sawa na kuruhusiwa kufanya kazi. Mwajiri aanze kuombea kibali kabla hujapanda basi la Rusumo au Mutukula.

Nchi nyingine pia zina chombo cha kusajili walimu. Kenya, kwa mfano, mtu haruhusiwi kufundisha bila kusajiliwa na tume ya walimu ya huko. Ulizia mapema kama cheti chako cha daraja A au diploma kinatambulika.

Sita: lugha, afya na nyumba unayoiacha

Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na Congo kwa Kifaransa. Mwalimu aliyefundisha shule ya msingi kwa Kiswahili miaka 10 anahitaji miezi kadhaa ya mazoezi. Andika andalio la somo moja kwa Kiingereza kila siku, ulifundishe kwa sauti.

Pata chanjo ya homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake sasa hudumu maisha. Kama unatumia dawa za kila siku, za presha, kisukari au ARV, ulizia zinapatikana wapi huko na uondoke na akiba pamoja na barua ya daktari.

Halafu nyumbani. Kaa na mwenzi wako, wazazi na kaka zako. Andikeni shamba linalimwa na nani, ng'ombe wanachungwa na nani, na pesa utakayotuma ni ya ada au ya mbolea. Usiuze kila kitu. Tenga nauli ya kurudi na chakula cha miezi 3, na akiba hiyo isiguswe na mtu.

Kabla ya kupanda basi

Shika vitu vitano mkononi: mkataba uliosainiwa na pande zote, kibali au uthibitisho wa kibali, ruhusa ya mwajiri wako wa sasa, pasipoti, na nauli ya kurudi. Kimoja kikikosekana, subiri. Shule inayokuhitaji kweli itakusubiri muhula mmoja.

Ukifika, jiandikishe kwenye ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo, na mpigie simu mtu mmoja wa nyumbani siku ile ile umpe anwani kamili ya shule.