Wong Ka Kui: Sauti ya roki ya Kikantoni iliyoimba Kiswahili

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hutua katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa Baiyun, mjini Guangzhou kusini mwa Uchina, wakielekea katika masoko ya jumla kama yale ya mikoba na bidhaa za ngozi huko Sanyuanli, wilayani Baiyun. Si wengi wanaotarajia kukuta neno la lugha yao katika nyimbo za Kikantoni, lugha ya asili ya wenyeji wa mji huo. Hata hivyo neno hilo lipo, nalo ni "Amani".

Ndilo jina la wimbo wa kundi la roki la Beyond la Hong Kong, ambako pia huzungumzwa Kikantoni. Wimbo huo ulitoka mwaka 1991, baada ya kundi hilo kuzuru Kenya, na kiitikio chake kina maneno ya Kiswahili. Mtunzi na mwimbaji wake, Wong Ka Kui, alizaliwa mwaka 1962, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Beyond mwaka 1983.

Siri ya sauti yake

Wakati nyimbo laini za mapenzi zilipotawala muziki wa Hong Kong, Wong aliimba kwa sauti yenye mkwaruzo, isiyo na madoido mengi, mithili ya mtu anayezungumza na jirani. Katika viitikio aliipandisha kwa nguvu, lakini kila neno lilisikika bayana.

Hilo si jambo jepesi. Kikantoni ni lugha ya toni: silabi "si" yaweza kumaanisha shairi, wakati au jambo, kutegemea kiwango cha sauti. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kuulinganisha muziki na toni za maneno, la sivyo maana hupotea. Kiswahili hakina sharti hilo. Neno "amani" hubaki amani, sauti ikipanda au ikishuka.

Ujumbe na majaribu

Mwaka 1990, Nelson Mandela alipoachiwa huru baada ya miaka 27 kifungoni, Wong alitunga wimbo wa kumuenzi, "Kwong Fai Sui Yuet", unaotetea usawa wa watu wa rangi zote.

Ujumbe huo ulikuja kuwa na uzito wa pekee Guangzhou. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la Korona, Waafrika kadhaa walifukuzwa katika nyumba na hoteli za mji huo, na mabalozi wa nchi za Afrika wakailalamikia serikali ya Uchina.

Wong hakuyashuhudia hayo. Alifariki dunia mjini Tokyo tarehe 30 Juni 1993, akiwa na umri wa miaka 31, siku sita baada ya kuanguka kutoka jukwaani wakati wa kurekodi kipindi cha televisheni. Nyimbo zake zingali zinaimbwa na wazungumzaji wa Kikantoni, na pamoja nazo kile kiitikio cha Kiswahili.